Mrudishie mke wako vidonge vyake

Swali la msomaji:

"Daktari, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 54, naishi Umoja, Nairobi. Baba yangu alifariki kwa kiharusi akiwa na miaka 61, na kila nikihesabu miaka iliyobaki naingiwa na hofu. Rafiki yangu wa chama ananiuzia vidonge vya NMN, chupa ya mwezi mmoja shilingi 14,000, na anasema vinarudisha seli ujanani. Kuna kliniki mjini inayotoa dripu ya namna hiyo kwa bei kubwa zaidi. Kwenye simu nimeona wanasayansi wakisema kwamba mtu atakayefika miaka 150 tayari amezaliwa, na kwamba hata dawa ya kawaida ya sukari huongeza umri. Wengine wanasema kula mara chache nako husaidia; je, ni kweli? Mke wangu ana kisukari, kwa hivyo kwa miezi miwili sasa nachukua kidonge kimoja cha metformini kwenye dawa zake kila jioni. Nataka kuchukua mkopo wa sacco ninunue chupa za mwaka mzima. Je, nitakuwa nimefanya la busara?"

Jibu:

Mwalimu, asante kwa kuandika bila kuficha. Naanzia mwisho wa barua yako maana huko ndiko kwenye moto. Acha leo kumeza dawa ya mke wako.

Metformini ni dawa nzuri na nimewaandikia wagonjwa wangu kwa miaka mingi. Inalizuia ini kumwaga sukari nyingi kwenye damu, kisha inatoka mwilini kupitia figo. Hujaniambia kama figo zako zimewahi kupimwa. Mtu ambaye baba yake aliondoka kwa kiharusi huenda ana presha asiyoijua, na presha huzila figo kimyakimya. Figo zikiwa zimedhoofika, dawa hii hurundikana na inaweza kuleta asidi kwenye damu. Ni nadra, lakini huua. Halafu kuna mama wa nyumbani kwako. Dawa zake zimehesabiwa kwa siku. Kidonge kimoja kila jioni kwa miezi miwili ni vidonge 60 ambavyo ama hakuvimeza, ama alivinunua mara mbili. Mwulize sukari yake imesoma ngapi siku hizi.

Hata hivyo habari uliyoiona haikutungwa hewani. Mwaka 2014 watafiti wa Uingereza walichapisha hesabu iliyoonyesha wagonjwa wa kisukari walioanzishiwa metformini wakiishi muda mrefu kidogo kuliko watu wasio na kisukari waliolinganishwa nao. Fikiria: mgonjwa anamshinda mzima! Ndipo uvumi ukaanza. Lakini hesabu ile ilikuwa na ufa. Mgonjwa ambaye dawa ilimshinda akabadilishiwa nyingine, alitolewa kwenye hesabu kuanzia siku hiyo. Wewe mwalimu unalijua hili. Ukiwatoa darasani kila anayeanza kufeli, wastani wa darasa utapanda bila mwanafunzi yeyote kujifunza kitu kipya. Mwaka 2022 watafiti waliokagua rekodi za Denmark hawakuiona faida hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa uvumi huu hawalitaji. Mwaka 2019 yalichapishwa majaribio ya wazee wa miaka 65 na zaidi waliofanyishwa mazoezi ya kuinua vyuma kwa majuma 14. Nusu walipewa metformini, nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa. Wote walijenga misuli, ila waliokuwa kwenye metformini walijenga kidogo zaidi. Kwa mgonjwa wa kisukari hesabu bado ni nzuri, kwa sababu sukari iliyozidi ni adui mkubwa zaidi. Kwako wewe, ambaye sukari yako huenda iko sawa, ni kulipa deni usilokopa.

Jibu la kweli kuhusu metformini kwa wasio na kisukari lingetoka kwenye jaribio liitwalo TAME ambalo Nir Barzilai wa New York na wenzake wamelipigania kwa miaka mingi: watu 3,000 wa miaka 65 hadi 79, wafuatiliwe waone nani anapata maradhi ya uzeeni na lini. Fedha zake zimekuwa ngumu kupatikana, na sababu kubwa ni kwamba dawa yenyewe ni ya bei rahisi na haina mwenye hakimiliki wa kutajirika nayo. Hilo linaniuma kila nikilifikiria. Vidonge vya shilingi 14,000 havikosi mtu wa kuvitangaza.

Usidhani naidharau sayansi hii. Naipenda, na nitakueleza kwa nini.

Mwaka 1825 Mwingereza Benjamin Gompertz, mtu wa hesabu za bima, aligundua kwamba hatari ya mtu mzima kufa huongezeka kwa mpangilio. Kwa binadamu hujizidisha mara mbili kila baada ya miaka minane hivi. Hatari ya miaka 62 ni kama mara mbili ya ile ya 54, na ya 70 ni mara nne. Kwa muda mrefu wataalamu waliona hivyo ndivyo kila kilicho hai kinavyochakaa, kama lori la mawe linavyochakaa, na kwamba hakuna la kufanya. Kisha mwaka 1993 Cynthia Kenyon, akiwa California, alionyesha kwamba kubadilika kwa jeni moja tu, iitwayo daf-2, kunamfanya mnyoo mdogo wa maabara aishi mara mbili ya kawaida, tena akiwa na nguvu zake. Lori halikarabatiwi kwa kubadilisha skrubu moja likadumu maradufu. Kumbe ndani ya kiumbe mna mitambo inayoamua kasi ya kuzeeka, na mitambo inaweza kuguswa.

Na mfano unaonisisimua kuliko yote uko hapa kwetu. Ukisafiri kwa basi kwenda Mombasa, ukashuka Mtito Andei kunyoosha miguu, chini ya ardhi ile kame kuna fuko asiye na manyoya. Ni kiumbe mdogo kama panya wa nyumbani, ngozi ya waridi yenye mikunjo, meno yametokeza nje ya midomo, anakula viazi vya porini gizani. Jennifer Jarvis, aliyewachunguza hapa Kenya kabla ya kuhamia Cape Town, ndiye aliyeutangazia ulimwengu mwaka 1981 kwamba wanaishi kama nyuki: malkia mmoja anazaa, wengine wote ni vibarua. Panya wa maabara, hata akitunzwa vizuri, huondoka akiwa na miaka miwili au mitatu. Fuko huyu hupita miaka 30. Mwaka 2018 Rochelle Buffenstein na wenzake walichapisha kumbukumbu za mafuko zaidi ya 3,000 waliofugwa kwa miongo kadhaa, na wakaona kwamba ule mpangilio wa Gompertz haumshiki. Hatari yake ya kufa haikupanda jinsi umri ulivyopanda. Saratani kwake ni kitu cha nadra mno.

Siri yake haijafichuka yote, ila sehemu moja imeguswa. Vera Gorbunova na Andrei Seluanov wa Rochester, Marekani, waligundua kwamba kati ya seli za fuko huyu kuna ute mzito usio wa kawaida unaozuia seli kurundikana na kugeuka uvimbe. Mwaka 2023 walieleza walivyochukua jeni inayotengeneza ute huo wakaipandikiza kwa panya. Panya hao walipata saratani kidogo zaidi, na umri wao wa kati ukaongezeka kwa asilimia 4 hivi. Asilimia 4! Unaweza kuona ni kidogo, lakini kumbuka kwamba uwezo wa mnyama mmoja umehamishiwa mnyama mwingine na ukafanya kazi. Ningependa siku moja kazi ya namna hii ifanywe Nairobi, na vijana wetu, maana mnyama mwenyewe ni jirani.

Sasa turudi kwenye chupa ya rafiki yako. NMN ni malighafi ambayo mwili huitumia kutengeneza NAD, kitu ambacho kila seli inakihitaji ili kupata nguvu na kurekebisha DNA iliyoharibika. NAD hupungua sehemu kadhaa za mwili tunavyozeeka. Hilo ni kweli. Ukimeza NMN, NAD kwenye damu hupanda. Hilo pia ni kweli. Mwaka 2021 utafiti mdogo wa wanawake 25 waliokoma hedhi na waliokuwa wanaelekea kisukari ulionyesha kwamba baada ya majuma 10 misuli yao iliitikia insulini vizuri zaidi. Basi, ukweli wa kutia moyo unaishia hapo. Kutoka "NAD imepanda" hadi "utaishi zaidi" ni safari ndefu ambayo hakuna binadamu aliyeonyeshwa kuimaliza. Marekani kuna mpango wa serikali unaozijaribu dawa za namna hii kwa panya katika maabara tatu tofauti kwa wakati mmoja, ili matokeo ya bahati yasimdanganye mtu. Mwaka huohuo wa 2021 walitangaza matokeo ya ndugu wa karibu wa NMN, aina nyingine ya malighafi ya NAD. Panya hawakuishi zaidi. Kama panya, ambao huongezewa umri na vitu vingi, hawakuongezewa hata siku za kuhesabika, mimi siwezi kukuambia uingie deni la sacco kwa sababu hiyo.

Dripu yenyewe sitaki hata uisogelee. Sindano kwenye mshipa ni mlango wa vijidudu, na kitu kinachoingia mwilini kwa njia hiyo lazima mtu awajibike nacho. Ukiuliza kama bidhaa yao imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu wakaanza kukuonyesha picha za wateja wanaotabasamu, umeshapata jibu.

Mpango huohuo wa maabara tatu, lakini, ulitoa habari kubwa mwaka 2009. Rapamaisini, dawa iliyotokana na kijidudu cha udongo wa kisiwa cha Rapa Nui katikati ya Pasifiki, iliongeza umri wa panya, na walianza kupewa wakiwa na siku 600, ambazo kwa binadamu ni kama miaka 60. Majike walipata asilimia 14 zaidi, madume asilimia 9, ukipima umri ambao tisa kati ya kumi wamekwisha kufa. Tangu hapo imerudiwa mara nyingi. Ikiwa kuna dawa ninayoifuatilia kwa matumaini ni hii. Lakini jua inatumika wapi leo: wagonjwa waliopandikizwa figo huipata ili kinga ya mwili isiikatae figo mpya. Ni dawa ya kutuliza kinga, kwenye mji wenye kifua kikuu. Dawa ya jamii hiyohiyo ilionekana kuwafanya wazee waitikie chanjo ya mafua vizuri zaidi mwaka 2014, watu wakashangilia. Nyingine iliyofuata njia hiyo ilipofika kwenye jaribio kubwa la maradhi ya kifua mwaka 2019 ilishindwa. Hivyo ndivyo sayansi inavyokwenda, hatua mbili mbele, moja nyuma. Dawa za kuua seli zilizochoka nazo ziliwapa panya umri mrefu, kisha moja ikashindwa kwa wagonjwa wa magoti mwaka 2020. Mbinu ya Shinya Yamanaka ya Kyoto ya mwaka 2006, ya kuirudisha seli iliyokomaa kwenye hali ya uchanga, ni ya ajabu kweli na ilimpa Nobeli mwaka 2012, lakini seli ikirudishwa nyuma kupita kiasi huwa uvimbe.

Na ile miaka 150? Mtu aliyeishi zaidi kwa ushahidi wa nyaraka ni Jeanne Calment wa Arles, Ufaransa, aliyezaliwa 1875 akafa 1997 akiwa na miaka 122. Tangu alipoondoka, hakuna mwingine aliyethibitishwa kufika hata 120, ingawa wazee duniani wameongezeka sana. Huenda rekodi ikavunjwa siku moja. Ila anayekuambia wa 150 ameshazaliwa anatabiri, na utabiri hauna kipimo cha maabara. Utasikia pia kuhusu babu fulani kijijini mwenye miaka 130. Nawaheshimu wazee hao, na ninapowapokea kliniki siwaulizi mwaka wa kuzaliwa kwa sababu wengi hawana cheti. Nawauliza: Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952 ulikuwa umeshatahiriwa? Ulikuwa na mtoto Uhuru ulipokuja? Mara nyingi miaka 110 hugeuka 88, na mzee hupumua, maana hata yeye mzigo ule wa sifa ulikuwa umemchosha.

Sasa baba yako. Nimeacha hili hadi sasa kwa sababu nadhani ndilo lililokufanya uandike.

Hakuzeeka akafa, Mwalimu. Miaka 61 si uzee. Sikumtibu, siwezi kuapa, lakini kinachosababisha kiharusi kuliko kitu kingine chochote ni presha, na presha haina maumivu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu Mkenya mmoja kati ya wanne, wa miaka 18 hadi 69, ana presha iliyopanda, na kwamba zaidi ya nusu walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja. Unazunguka ukitafuta dawa ya kuzuia uzee na hukunitajia presha yako ni ngapi.

Ukitaka kuona dawa ya kurefusha maisha iliyojaribiwa kwa binadamu, si kwa panya wala minyoo, tazama hii. Mwaka 2015 Marekani walitangaza matokeo ya jaribio la SPRINT: watu 9,361 wa miaka 50 na zaidi, wenye presha na hatari ya moyo, wasio na kisukari wala historia ya kiharusi. Nusu walitibiwa presha ile ya juu ishuke chini ya 140, nusu chini ya 120. Jaribio lilisimamishwa mapema, baada ya miaka mitatu na kidogo, kwa sababu tofauti ilikuwa wazi. Kundi la 120 lilikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 27, vifo vya kila aina. Dawa zenyewe ni zile za kawaida za famasia ya mtaani. Si kila mtu anapaswa kushushwa hadi hapo. Baadhi walizirai, wengine figo zilisumbuka, na ndiyo maana kiwango chako utakipanga na daktari anayekuona uso kwa uso. Lakini katika yote niliyokutajia, hakuna kidonge kingine ambacho binadamu kwa maelfu walipigiwa kura nani akipate, na waliokipata wakafa wachache zaidi.

Uliuliza kidogo kuhusu kula mara chache. Hadithi ya kima wa maabara ndiyo inafundisha zaidi. Kundi moja la Wisconsin, Marekani, lilipunguziwa chakula na likaishi zaidi ya wenzao. Kundi jingine, la taasisi ya serikali kuu, lilipunguziwa na halikuishi zaidi. Watafiti walipokaa pamoja wakaona kwamba chakula cha Wisconsin kilikuwa na sukari zaidi ya robo, na waliokuwa hawajapunguziwa walikula watakavyo. Huenda kupunguza kulisaidia sana pale ambapo kulikuwa na kingi kibaya cha kupunguza. Anza na vijiko vya sukari kwenye chai na soda ya saa nne pale shuleni. Usijinyime maharagwe, mayai na samaki. Kwa umri wako misuli ni akiba. Utafiti wa nchi 17 uliochapishwa mwaka 2015 ulipima nguvu za mshiko wa mkono, na ukaona kwamba kila kilo 5 zikipungua, hatari ya kufa ilipanda kwa asilimia 16. Shuka kituo kimoja kabla ya Umoja utembee, na mara mbili kwa wiki beba vitu vizito.

Hizi ndizo hatua zako. Nunua mashine ya presha ya mkononi, ile ya kufunga juu ya kiwiko, si ya kifundo. Bei yake haifikii chupa moja ya NMN. Kwa siku saba, asubuhi na jioni, kaa umeegemea kiti dakika tano, miguu sakafuni, mkono mezani usawa wa moyo, usiwe umekunywa chai wala kahawa nusu saa iliyopita, pima mara mbili uandike. Siku ya kwanza iache. Wastani wa siku sita zilizobaki ukifika 135 juu au 85 chini, hiyo ni presha ya kutibiwa. Siku ya nane lipeleke daftari kituo cha afya, uombe figo, sukari na mafuta ya damu vipimwe pia, na umwambie daktari kwamba kwa miezi miwili umekuwa ukimeza metformini. Mke wako naye apimwe kwa mashine hiyohiyo, kwa maana kisukari na presha hutembea pamoja.

Na jioni ya leo, kabla hajahesabu vidonge vyake, mwambie wewe mwenyewe.